Madini Mazito

Mama mkwe wangu huwaita samaki wote nyoka. Awe sato, awe omena, awe kambale, kwake yeye ni nyoka tu, na akiwa mkavu basi ni nyoka aliyekufa kitambo. Watu wake wameishi upande huu wa Riruta tangu kabla ya lami, wakilima, wakikata ploti, wakijenga nyumba za kupangisha, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyemwona mzee wao akila kitu kinachoishi majini. Mimi nilitoka Ukambani, kijiji kilicho kando ya Mto Athi, na nilipoolewa hapa mtaa wa Satellite nilikuja na sufuria yangu ya samaki. Sufuria hiyo ilipewa kona yake nje ya jikoni, karibu na karo, na ole wake atakayeichanganya na nyingine.

Sikuudhika. Kusema kweli nilikuwa naringa. Kila mtu hapa mjini ana kitu kimoja cha kwao anachojivunia. Wengine maembe, wengine asali. Mimi nilikuwa na kambale wa mama. Ndugu yangu alimvua mtoni, mama akampasua, akamfukizia moshi, akamwanika juu ya bati, kisha akanitumia. Samaki wa sokoni niliwapita nikiwa nimeangalia pembeni, kwa maana nani anajua wametoka maji gani? Sisi wa Nairobi tuko hivyo. Sukuma wiki ya hapa tunaiosha na kuiosha tena huku tukilaani majitaka, lakini mfuko ukitoka ocha, kijijini, tunaufungua na kuonja papo hapo tukiwa bado tumesimama, kwa sababu cha nyumbani ni kisafi. Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza usafi huo unatoka wapi.

Mimba ninayoisimulia niliipata baada ya kupoteza nyingine, na baada ya miaka ambayo watu walikuwa wameshaacha kuniuliza. Niliibeba kama mtu anayevuka barabara na trei ya mayai. Nilikuwa nasuka nywele Kenyatta Market, na wateja wangu walizoea kuniona nikikaa kwenye kigoda wakati wenzangu wamesimama. Nilikataa vibarua vya wikendi. Nilikataa hata kucheka sana. Kwa hiyo siku nesi wa kliniki aliponitazama na kutikisa kichwa, nilishika tumbo kabla hajafungua mdomo.

"Damu yako iko chini, mama," akasema. "Unakosa madini. Kula mboga za kijani, maharagwe, maini, samaki. Vitu za kukuongezea madini."

Nilimpigia mama nikiwa bado kwenye lango la kliniki. Mimi na mama tunaongea Kikamba, lakini maneno ya hospitali na ya redio tunayatia vivyo hivyo kwa Kiswahili. Nilimwambia nimeambiwa nakosa madini, na kwamba samaki anayo. Mama alifurahi kana kwamba ameitwa kazini.

"Basi ngoja," akasema. "Mbona hukuniambia mapema?"

Nilichopokea wiki iliyofuata hakikuwa samaki mzima tena. Mama alikuwa amewatwanga kambale kwenye kinu, nyama, mifupa na vichwa, akachekecha, akatwanga tena yaliyobaki, mpaka ukawa unga laini wa rangi ya majivu. Aliujaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaufunga kwa nailoni na kuukabidhi kwa watu wa basi. Niliufuata mjini, kwenye ofisi ndogo ya vifurushi karibu na stendi ya mabasi ya Ukambani, na kijana wa kaunta alinisukumia kwa kidole kimoja.

"Madam, chukua hii kitu yako haraka. Imetufukuzia wateja tangu asubuhi."

Nilimjibu kwamba pua yake ndiyo ina shida. Nilipofika nyumbani nikatia kijiko kimoja cha unga ule kwenye uji, nikakoroga, nikanywa. Ladha yake ilikuwa ya jikoni kwa mama, moshi na chumvi kidogo, na nililia kidogo kwa sababu mimba huliza mtu bila sababu.

Halafu ikaja siku ya redio. Nilikuwa kazini, vidole viko kwenye kichwa cha mteja, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Mama alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Umesikia habari? Wametangaza mto wetu! Wamesema samaki wa Athi wamepimwa na wakapatikana na madini mazito!"

"Mazito?"

"Mazito! Si hayo mepesi ya maharagwe. Mazito!"

Nilicheka. Naomba nieleweke. Kwetu kitu kizito ni kitu kizuri. Uji mzito ndio humshibisha mtu, chai nzito ndiyo hupewa mgeni. Hakuna mtu amewahi kuniambia nijihadhari na kitu kwa sababu ni kizito, isipokuwa mtungi wa maji. Mteja wangu aliuliza kuna nini, nikamwambia kwa majivuno kwamba samaki wa kwetu wametangazwa redioni, naye akasema, "Wah, hongera."

Mama aliongeza unga. Aliacha kabisa kutwanga minofu, akawa anatafuta vichwa na mifupa tu, kwa majirani na kwa wavuvi, kwa sababu alijua madini hukaa kwenye mifupa. Aliwaeleza akina mama wa kanisa nao wakaanza kuutia kwenye uji wa watoto. Aliniambia kijiko kimoja ni cha kuonja, niweke viwili. Niliweka viwili. Uji ukawa wa kijivu, mume wangu akahama meza na kwenda kunywea chai sebuleni, na mama mkwe akasimama mlangoni akiwa amefunika pua kwa leso.

"Mama, hiyo nyoka umeanza kuinywa sasa?"

"Ni dawa, mama. Ni ya damu."

"Ya damu," akarudia, akaenda zake kuwafukuza kuku.

Siku ya kliniki ilipofika tena nilienda nikitembea kwa madaha. Nilimwambia nesi kila kitu bila kuulizwa: unga, mifupa, vichwa, na jinsi redio yenyewe ilivyothibitisha. Alikuwa anaandika. Nilipofika kwenye madini mazito kalamu ikasimama.

"Mto gani?"

"Athi."

Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi karibu yangu badala ya kuketi ng'ambo ya meza. Hapo ndipo nilianza kuogopa. Watu wa kliniki hawana muda wa kufunga mlango.

"Skiza," akasema. "Hayo si yale madini nilikuambia. Hiyo ni Kizungu imetafsiriwa. Wanamaanisha metali, sumu. Zebaki, kadmiamu, risasi."

Katika hayo yote nilisikia neno la mwisho tu. "Risasi ya bunduki?"

"Ni kitu moja, lakini hii haikuji na bunduki. Inatoka kwa betri za gari, kwa rangi, kwa viwanda. Inaingia kwa mto, inalala kwa matope. Na kambale anakula matope."

"Nikipika sana?"

"Pika mpaka kesho. Haiishi na moto. Haina harufu, haina taste."

Niliuliza swali ambalo tayari nilikuwa nimeanza kulijua jibu lake. Niliuliza kuhusu mifupa na vichwa. Alinishika mkono.

"Risasi inapenda mifupa. Ya samaki, hata ya mtu. Na ukiwa na mimba, mtoto anajenga mifupa yake kutoka kwa zako."

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nikiwa kwenye daraja dogo hapa Satellite, lile ninalolipita kila siku, nimeshika chuma cha pembeni. Chini yake kuna kijito ambacho sikuwahi kukitazama ila kuziba pua. Siku hiyo nilikitazama. Kando yake kuna kibanda cha fundi wa betri, na fundi alikuwa amechuchumaa akipasua betri kuukuu kwa shoka, akichomoa vile vipande vya kijivu na kuvitupa kwenye karai, na maji yaliyobaki ndani anayamwaga nyuma yake bila kugeuka. Yaliteremka kwenye kimtaro na kuingia kijitoni. Juu zaidi, bomba la ploti ya mama mkwe wangu lilikuwa linamwaga povu la nguo za wapangaji.

Nikaanza kuyafuata maji kwa mawazo. Kijito hiki kinaingia kwenye kingine, na hicho kinaungana na mto unaopita mjini, unaopita viwandani, unaopita chini ya mabanda na madampo, na huo wote huishia Athi. Na Athi huteremka taratibu, kupitia Machakos, hadi kwenye mawe ya kijijini kwetu ambapo ndugu yangu hutega nyavu. Hili nilifundishwa shuleni, nikalichora kwenye ramani na kupewa alama ya vema. Lakini sikuwahi kulichora na mama yangu akiwa mwishoni, amechuchumaa, anasafisha samaki. Niliketi pale pale kwenye ukingo, na mtu aliyepita na mkokoteni akaniuliza kama nimezidiwa.

Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa kitu kingine. Mwizi nimewahi kumwogopa, na ugonjwa, na hata mimba zile nyingine zilipotoka niliogopa, lakini hizo zote zilikuja kutoka nje. Hii nilikuwa nimeikoroga kwa mwiko. Nilishika tumbo nikitaka mtoto acheze, na alipocheza nikaogopa kwamba anacheza kwa sababu anaumwa. Alipotulia nikaogopa zaidi.

Nyumbani mkebe ulikuwa juu ya kabati, umebaki nusu. Nilitaka kuutupa, nikakosa pa kuutupa. Kwenye kijito, utarudi kwa mama. Kwenye bustani, kuna kuku, na kuku hutaga mayai tunayokula. Nikiwapa vijana wa taka watakwenda kuumwaga dampo, na dampo nalo liko kando ya mto. Nilizunguka na mkebe mikononi mpaka mume wangu akaniuliza natafuta nini. Nilimweleza. Akaniuliza swali la mtu anayeogopa pia: "Na ulikuwa unakunywa kila siku?" Alijua nilikuwa nakunywa kila siku. Aliuchukua ule mkebe akaufunika vizuri, akaurudisha juu ya kabati, kwa sababu hata yeye hakujua afanye nini nao.

Mama mkwe hatukumwambia. Niliona ni afadhali nife na siri kuliko kumpa ushindi huo.

Ilibaki mama. Nilimpigia jioni hiyo, na nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri.

"Mama, ule unga usitume tena. Na nyinyi muache. Yale madini ni mabaya."

Alicheka. "Madini gani mabaya? Si wewe uliniambia umeambiwa ule madini?"

"Hayo ni mengine. Haya ni mazito."

"Ndiyo nakuambia, ni mazito."

Tukazunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kambani. Nikasema ni sumu; akasema sumu ya nini, angekuwa amekufa kitambo. Nikasema zebaki; akauliza zebaki ni mtu gani. Nikapandisha sauti, yeye naye akapandisha yake, akaniambia nimeolewa kwa watu wanaoita chakula nyoka na sasa nimekuwa mmoja wao. Hilo lilinichoma, nikapasuka.

"Mama, ni risasi! Nimeambiwa niko na risasi mwilini!"

Halafu nikasikia yowe, yowe la msiba lile, na mlango ukigongwa, na majirani wakiingia, na mama akiwaambia huku analia kwamba binti yake amepigwa risasi Nairobi. Nilipiga kelele kwenye simu mpaka koo likakauka. Mwishowe ndugu yangu aliichukua simu, nikamweleza polepole, naye akamweleza mama, na mama akarudi akiwa anahema.

"Kwa hiyo hujapigwa."

"Sijapigwa, mama. Iko kwenye samaki. Inaingia polepole."

"Inatoka wapi?"

"Huku. Inateremka na maji ya huku."

Nilimsikia akiwaambia wale majirani waende, hakuna kitu, mtoto ni mzima. Alisubiri watoke. Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Basi ni mimi nilikutwangia."

Nilimwambia si yeye. Nilimwambia tena. Kuna maneno ambayo ukiyarudia yanazidi kupoteza nguvu, na hayo yalikuwa mojawapo. Aliuliza wao sasa watakula nini, mawe? Alisema wataacha, lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayeacha, na mimi niliyekulia pale najua mwezi wa njaa hakuna kingine kinachotoka bila kununuliwa isipokuwa samaki.

Mume wangu alinipeleka mjini kupimwa, maabara ya ghorofani yenye lifti iliyokuwa ikigugumia. Walitoa damu, tukasubiri siku kadhaa ambazo sikulala vizuri hata moja, kisha daktari akatuita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Imo," akasema. "Si ya kukulaza, lakini imo, na ningependa isiwemo."

"Dawa?"

"Kwa sasa dawa ni kuacha. Kunywa maziwa, meza vidonge vya damu, kula vizuri. Tutapima tena."

"Na mtoto?"

Aliangalia karatasi ingawa alikuwa ameshaisoma. "Mtoto tutamwona akizaliwa. Lakini nisikudanganye, hii kitu haionekani kwa sura. Anaweza kuzaliwa mzuri kabisa. Inakuja kuonekana baadaye. Kwa kusikia, kwa kuelewa, kwa kuongea."

Miezi iliyobaki niliishi hivyo. Nilisuka nywele, nikaitikia salamu, nikaenda kanisani, na katikati ya yote nilikuwa nahesabu vijiko nilivyokwisha kunywa. Usingizini nilikuwa nakoroga uji. Wateja waliniambia mimba imenipendeza. Mama alinipigia kila siku, na hakuuliza tena kuhusu damu yangu. Aliuliza kama mtoto anacheza, nami nilimjibu anacheza, halafu tukaagana.

Binti yangu alizaliwa mzima. Vidole vyote, nywele tele, kilio kilichowafanya manesi wacheke. Mama mkwe alimbeba akamshangilia kwa Kigikuyu mpaka sauti ikamkauka. Kila mtu aliniambia nimeona baraka, na nilikuwa nimeiona, na nilikuwa namkazia macho mtoto kama askari wa lango anayetazama mzigo. Akilala sana, naogopa. Akichelewa kunitazama, naogopa. Jirani ana mtoto wa rika lake, na nilikuwa naenda kwake kuazima vitu nisivyovihitaji ili nione yule mwingine ameshaanza kufanya nini.

Nilianza pia kumpima. Nilikuwa najificha nyuma ya kitanda chake na kupiga makofi kidogo, au kugonga kikombe kwa kijiko, halafu namwangalia. Akigeuka napumua. Dakika chache baadaye nafikiri labda aligeuka kwa sababu ameona kivuli, na nagonga tena. Nilifanya hivi nikiwa peke yangu tu. Mume wangu aliwahi kunifumania mara moja, nikamwambia namchezesha.

Mama alikuja kumwona mjukuu mtoto akiwa na miezi michache. Alishuka mjini, nikaenda kumpokea, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mama akija kwangu mikono mitupu. Hakuwa na kiondo, hakuwa na mfuko, hata ndizi hakununua njiani. Alishika mkoba wake tu kwa mikono yote miwili na akatembea nyuma yangu. Mama mkwe alimpokea vizuri sana, akamchinjia kuku, na kwa mara ya kwanza hakutaja nyoka. Nadhani mume wangu alikuwa amemwambia. Mama alikula kidogo, akasifu ugali, akaomba kumbeba mtoto.

Alimbeba vizuri, kama anavyojua. Alimwimbia, akamnusa shingo, akamwita "mama yangu", kama tunavyowaita watoto wetu. Mimi nilikwenda jikoni kuosha vyombo na nikashukuru Mungu kwamba angalau siku hiyo imepita bila kulia. Niliposhika sahani ya pili nikagundua kuwa wimbo umenyamaza. Nilichungulia kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo.

Mama alikuwa amemlaza mtoto kwenye kochi, uso wake ukielekea dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga magoti nyuma, mahali mtoto hawezi kumwona. Aliangalia mlango wa chumba cha kulala, akaangalia mlango wa nje, kuhakikisha hakuna mtu. Kisha akanyoosha mkono karibu na sikio la mtoto na kualisha vidole vikalia ta.

Mtoto aligeuka.

Mama alingoja atazame dirishani tena, akahamia upande wa pili, akavialisha tena.